Tuta Langu Msongola

Kengele yetu ni rimu ya lori
iliyofungwa kwa waya kwenye mkorosho.
Saa kumi na moja alfajiri Gerevasi anaigonga kwa nondo
kama anaidai kodi.
Wiki ya kwanza niliichukia
kuliko nilivyowahi kumchukia mwenye nyumba wangu wa Tandale,
ambaye angalau alipiga hodi mwisho wa mwezi tu.

Nilifika na begi moja
na kiburi ambacho hakikuenea ndani ya begi.
Miaka tisa Kariakoo, nikiuza kava za simu:
namsoma mteja kwa viatu,
najua bei ya kwanza, bei ya pili,
na ile ya "chukua tu, dada, nifungulie siku."
Mama Nakijwa wa stoo alivishika viganja vyangu,
akavigeuza kama anayechagua nyanya,
akaandika kwenye daftari: mchicha.

Hapa hakuna changu.
Sabuni ni yetu, ndoo ni yetu, gambuti ni zetu
(nilizokuja nazo zilivaliwa Jumatatu
na mtu nisiyemjua hata jina;
zikarudi na kokoto).
Sala ya asubuhi. Uji.
Sala ya mchana, maharage.
Sala ya jioni, maharage.
"Utupe leo mkate wetu," tunasema,
na mimi, Mungu anisamehe, nawaza chipsi mayai,
nawaza pilipili ya kijiwe kile cha Msimbazi
na moshi wake machoni.

Tuta langu la kwanza lilipinda.
Nilivuta kamba, nikapima kwa hatua,
likapinda vilevile, kama nyoka aliyesikia akitajwa.
Mbegu nilizimwaga kwa ukarimu wa mgeni,
zikaota zimesongamana
kama wagonjwa wa Jumatatu kwenye dirisha la zahanati.
Hakuna aliyenicheka.
Hilo ndilo lililoniuma.
Kariakoo ningetukanwa, ningejibu,
jioni tungenunuliana kahawa.
Hapa Ndugu Elibariki alichuchumaa pembeni yangu
akang'oa miche iliyozidi, mmoja mmoja,
kimya, mpaka jua likatuchoma shingo.
Ndipo akasema:
"Hii iliyong'oka usitupe. Inaliwa."

Sikuwaambia kuhusu ufunguo.
Chumba cha Tandale nilikilipia miezi sita mbele,
endapo mimi na Yesu tutashindwana.
Niliushona kwenye pindo la shuka.
Usiku naupapasa,
kama ulimi unavyorudi penye jino bovu.
Kitanda cha juu Gerevasi anakoroma.
Upande wa Pugu treni inapiga honi,
na taa za jiji zimeipausha mbingu ya kaskazini
hata nyota za huko siwezi kuzihesabu.

Juzi ilikuwa zamu yangu ya stoo.
Kopo la mbegu za bamia lilikuwa limeshika kutu,
bisibisi imeazimwa na haijarudi.
"Huna kitu chembamba cha chuma?" akauliza Mama Nakijwa.
Sijui miguu yangu ilimsikia nani.
Nilikimbia bwenini, nikafumua pindo kwa meno,
nikarudi nikihema.
Kifuniko kiliachia.
Ufunguo ukapinda.
Aliutazama, akanitazama,
akaupangusa kutu kwa ncha ya kanga.
"Wangu ulikuwa wa Mbagala," akasema,
akaniwekea kiganjani,
akaanza kuhesabu mbegu, kumi kumi.

Leo mafungu mia mbili yamepakiwa kwenye kirikuu
kwenda Buguruni.
Yangu nayatambua: mashina hayalingani,
refu na fupi kama waumini wakisimama kuimba.
Labda mwenye nyumba wangu atayanunua,
atalalamika bei,
atapikia nazi.

Kodi inaisha mwezi wa nane.
Ufunguo sijaunyoosha, wala sijautupa.
Ila leo rimu ilipolia
nilikuwa nimeketi kizingitini, nimeshavaa gambuti,
moja yangu,
moja ya mtu.